Kata Themanini

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kakaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, kawasha filamu. Ghorofa linaanguka — puu, kama mto wa kulalia. Nyuma yake dada, kochi limeegemea ukuta, kashika kifua. Vikombe vinacheza kabatini. Sabufa ni hiyo hiyo moja, pale kona. Besi inamruka mwenye nyumba inakwenda kwa mkewe.

Nikasema hiyo kazi niachieni. Mimi niliyefunga mitambo ya sauti uwanja mzima mpaka ndege wakashuka, wakaendelea na safari kwa miguu. Shemeji akacheka kwa pua. Akasema Jumamosi bosi wake anakuja kutazama. Ikiwa bado hivi, chumba changu kirudi kuwa stoo kama zamani. Dada akaangalia zulia.

Nitakwenda wapi na umri huu?

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia muuza mitambo ya sauti. Nikamwambia mimi ni fundi mwenzake, nahakikisha tu. Akasema, "Ikate themanini, mjomba, itatulia."

Fundi haulizi mara mbili. Nikachukua futi ya kushonea ya dada, nikapima sentimita themanini kutoka kwenye mtambo, nikakata waya wa sabufa.

Imetulia kweli. Haitoi hata pumzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia tena. Alicheka mpaka akawapa simu wenzake wacheke na wao.

"Si waya, mjomba. Kile kitufe cha kuzungusha, nyuma ya sabufa. Sauti nzito, chini ya mitetemo themanini kwa sekunde, inabaki kwenye sabufa. Iliyo juu yake waachie spika ndogo."

Sasa si aseme kitufe. Nikamwambia nilikuwa nampima. Waya mpya hana mpaka wiki ijayo.



Alhamisi, 6 Machi

Waya niliounga unanguruma kama friji bovu. Nimeutupa. Kile kipande kifupi nimekifunga kichwa kipya, kinafanya kazi, lakini hakifiki kona.

Nimeweka kitufe themanini. Sasa ni kusogeza sabufa kidogo, kukimbia kukaa kiti cha shemeji, kusikiliza, kurudi. Dada akaingia.

"Kaka, mazoezi au mashetani?"

"Nasaka besi."

"Isake polepole, nyumba ni ya watu." Halafu kwa sauti ya chini: "Tafadhali iweze. Mimi nimeshamwomba mume wangu akuache, nimechoka."

Nikaisogeza polepole, kama nilivyoambiwa. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata. Kwenye kiti cha shemeji ghorofa linaanguka mpaka unapangusa vumbi usoni. Kochini kwa dada vikombe vimenyamaza. Laini kote. Hata ule uwanja haukutoka hivi.

Ila mahali penyewe ni mlangoni pa chumba changu, pembeni mwa mtambo, waya unapofika. Na mlango unafungukia sebuleni. Nikiisogeza kidogo tu, besi inamkimbia tena shemeji.

Jumamosi, 8 Machi

Niliisogeza sabufa kidogo nikapenya kubadili shati, nitoke nipeane mkono na bosi. Mlango nikaurudishia. Nikasikia gari, vicheko, viatu. Shemeji akaisukuma sabufa ikae sawa. Mlango ukabanwa.

Wameshaanza. Kalamu inatetemeka, si mkono wangu, ni besi. Tamu sana. Naisikia kwa nyayo.

Bosi kauliza nani kaitengeneza.

"Mwenyewe tu," shemeji kajibu. "Nilikata themanini."

Neno langu hilo! Nusura niujibu ukuta.

Bosi kauliza huo mlango nyuma ya sabufa ni wa wapi.

"Ah, stoo."

Nimebandika sikio kwenye ubao wa mlango, namsubiri dada. Nimemsikia tu akiweka glasi mezani, taratibu, kisha akauliza kama kaka yake ameonekana. Shemeji kasema ametoka.

Dirisha lina nondo. Nikigonga, bosi atajua stoo ina mtu, na shemeji ataaibika, na Jumapili sina kitanda. Nisipogonga, basi nimetoka. Filamu imefika pale ghorofa linapotaka kuanguka. Sasa kila mtu kanyamaza, na mimi mkono uko juu ya ubao, na kikohozi kinanipanda