Ushauri Ulionipa Kuhusu Simu

Bagara, Babati.
Ijumaa, 10 Mei 2024.

Mpendwa kaka Sosthenes,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Scola na watoto. Mama magoti bado yanamsumbua, au yametulia? Na Vicent ameacha kukohoa? Huku Babati mvua imezidi, maharage ya watu wa mabondeni yameoza yangali shambani, na hapa dukani kila anayeingia anaulizia dawa ya viwavi. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo ina habari zake, nazo nitakueleza.

Najua utashangaa kupokea bahasha. Tangu nilipomaliza kidato cha nne sijakuandikia barua ya mkono. Hii nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi akuletee hapo Dongobesh, na nitamsisitiza akupe wewe mwenyewe, asimpe mtu mwingine. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu siiamini. Barua ni ndefu, nivumilie. Wewe ni mwalimu, unapenda jambo lielezwe tangu mwanzo, basi nitaanzia mwanzo, hata yale unayoyajua.

Jumapili ya tarehe 21 Aprili matangazo ya ndoa yetu yalisomwa kanisani kwa mara ya kwanza, mimi na Alois. Kesho yake simu ikaniletea ujumbe kwamba kuna apdeti mpya kutoka kwa walioitengeneza. Nikabonyeza. Ikaenda nusu, ikazima, ikawaka, ikaandika kwamba mfumo wake umebadilishwa na apdeti haiwezi kuingia. Nikarudia mara tatu, jibu ni lile lile. Nikaipeleka kwa Sadallah, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, ambaye sisi watu wa madukani wote tunamtegemea.

Sadallah aliichomeka kwenye kompyuta yake, akakuna kichwa, akaniuliza ni nani aliyeipiga ruti. Neno lenyewe sikulijua. Akanieleza kwamba simu ikitoka kiwandani ina milango ambayo hata mwenye simu haruhusiwi kuifungua, na kupiga ruti ni kuvunja kufuli za milango hiyo. Aliyevunja anaweza kuweka humo chochote na simu isikuambie. Akapekua, akakuta programu isiyo na picha kwenye kioo, kazi yake kutuma mahali nilipo na nakala za meseji zangu kwenye simu ya mtu mwingine. Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza, airudishe simu ilivyokuwa kiwandani, ndipo ikubali apdeti. Ruti itaondoka, programu itaondoka, na kila kilichomo kitafutika. Ya pili, tuiache na ruti yake kwanza, naye ajaribu kuchimbua habari zinatumwa kwa nani, ila itachukua siku kadhaa kwa sababu programu ilifungwa kwa neno la siri. Alianza kuniuliza swali jingine, lakini nilikuwa nimeshainyakua simu na kuondoka. Unanijua nikishikwa na hasira.

Kaka, hii kazi ya duka la pembejeo imeniharibu. Mtu analeta mfuko wa mbegu aliokwisha kuufungua, amejaza mahindi ya ghalani kwake, anaapa kwa Mungu kwamba ndivyo alivyouziwa. Ukikaa miaka mitatu na watu wa namna hiyo unaanza kumkagua hata anayekusalimia. Siku mbili nilimshuku Rose, ninayekaa naye chumba kimoja, nikawa naificha simu kwenye ndoo ya unga. Maskini Rose akadhani ni unga ninaomnyima. Halafu nikakumbuka kwamba Juma Kuu simu ilianguka kioo kikapasuka, na aliyeipeleka kutengenezwa alikuwa Alois. Alikaa nayo siku mbili. Sikutaka hesabu zaidi ya hiyo.

Nilikupigia kwa simu ya Rose. Nilikueleza kuhusu programu ile. Halafu ulinipa ushauri, na nautaja kama ulivyousema. Uliniambia simu irudishwe ilivyokuwa kiwandani siku ile ile na ipigwe apdeti, nisichunguze wala nisiulize, kwa kuwa uchafu haukorogwi, unamwagwa. Nilipokutajia Alois, ukasema mwanamume anayemvizia mchumba kabla ya ndoa, baada ya ndoa atamfunga kamba. Ukasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba ungekuwa wewe ungesimamisha matangazo. Nilikushukuru huku nalia. Nilijiona nina bahati, baba amekufa lakini nina kaka.

Baada ya matangazo ya pili nilikwenda Nakwa kwenye karakana ya Alois. Sikumshtaki. Nilimwambia tu kwamba simu imeingiliwa na mtu, nikamuuliza niirudishe kiwandani au niiache. Aliweka randa chini, akasema nisiiguse kwanza. Alisema tukiifuta sasa, aliyefanya atabaki salama na atatafuta mlango mwingine. Afadhali ibaki na ruti yake mpaka ajulikane, ndipo niisafishe. Akaomba twende wote kwa Sadallah siku hiyo hiyo. Mimi moyoni nikasema, ahaa, kumbe! Kaka yangu ananiambia nifute, na huyu ananiambia nisifute. Asiye na la kuficha angeng'ang'ania ruti ya nini?

Alipokwenda kunawa mikono niliichukua simu yake pale mezani, nikapekua. Nilikuta picha za vitanda na makabati, na meseji za sauti za mama yake akimkumbusha kula. Programu hakuna. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ameshaifuta. Mtu akishaamua kushuku, hata usafi wa mwenzake unakuwa ushahidi. Nikaaga kwa kisingizio cha dukani na sikumwambia kitu.

Ijumaa ya tarehe 3 nilikwenda kwa Padri, nikamwomba asisome tangazo la tatu. Akauliza kuna kizuizi gani. Nikasema kipo, nitakieleza baadaye. Alitaka kutuita wote wawili, nikalia mbele yake, naye kwa huruma akakubali kulisimamisha kwa muda. Alois sikumwambia. Huo ndio ukatili wangu, kaka, na sina wa kumpa lawama yake. Nilitaka aone aibu mbele ya watu kama nilivyoona mimi nikisomwa meseji zangu.

Jumapili alikaa benchi la tatu na mama yake, aliyevaa kitenge kipya, amefunga kilemba. Watu wa Nakwa walikuwa wengi siku hiyo kwa sababu tangazo la tatu ndilo la kushangiliwa. Yakasomwa majina ya wachumba wengine, jozi nne, halafu katekista akafunga daftari na kuanza habari za usafi wa kanisa. Mama Alois akageuka kumtazama mwanawe. Alois hakugeuka kwa mama yake, alinitafuta mimi kwa macho mpaka akaniona, na hakuonekana mwenye hasira hata kidogo. Alionekana mtu anayesubiri kuambiwa kwamba karatasi imesahauliwa. Nikatazama chini. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na nimesikia mama yake hatoki nje, hata kwenye sala za jumuiya hakwenda.

Jumatatu nikarudi kwa Sadallah ili hatimaye nifuate ushauri wako, irudishwe kiwandani yaishe. Kabla hajachomeka waya akaniuliza lile swali nililomkatiza mara ya kwanza. Je, simu hii imewahi kurudi mikononi mwangu ikiwa tupu, kama mpya? Alisema aina hii haipigwi ruti bila kufutika kila kitu. Nikamjibu haraka kwamba haijawahi. Kwa Alois ilirudi na kioo kipya na picha zangu zote, hata za ubatizo wa Vicent wa mwezi Januari.

Halafu nikakumbuka Krismasi.

Nilikuja Dongobesh, kaka, ukaichukua simu yangu uniwekee nyimbo za kwaya. Ukairudisha kesho yake haina picha hata moja. Ukasema ilikuwa na virusi na rafiki yako wa Mbulu mjini amekusaidia kuisafisha. Nilikushukuru kwa hilo pia. Nilikuachia jogoo.

Nikamwambia Sadallah asirudishe chochote, achimbue. Jana mchana aliniita akanionyesha namba iliyoandikwa ndani ya programu ile. Sikuhitaji kuitafuta ni ya nani. Ni namba niliyoikariri bwenini, nikiazima simu ya matroni ili nikupigie wewe.

Nimekaa na jambo hili tangu jana, na kila ninachokumbuka kinanichoma. Siku niliyokwenda ziwani na Alois ulinipigia jioni ukaniasa kuhusu viboko. Nikamsimulia Rose kwamba kaka yangu ana hisia, ananiona hata akiwa mbali. Meseji alizoniandikia Alois umezisoma, wewe uliyekaa kwenye kikao cha posa ukamshika mkono na kumwita shemeji. Naona aibu hata kukutazama kwenye picha. Najua ulimwahidi baba kwamba utanilinda. Kunifuatilia ningeweza kukusamehe, maana najua umenilea kwa hofu tangu nikiwa na miaka kumi. Lakini nilikutajia jina la Alois, ukajua kwamba hana kosa, na badala ya kusema ni mimi ukanitwisha methali. Ulinihimiza nipige apdeti ili ufutike wewe, ukamwacha yeye abebe. Hilo limeniumiza, kaka, na nimekukasirikia sana.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Simu bado ina ruti. Sadallah ataisafisha na kuiwekea apdeti Jumatatu asubuhi akifungua kibanda. Mpaka hapo nimeiacha na programu yako ndani, nimeweka bando, na chaji nitahakikisha imejaa. Jumapili, misa ya kwanza ikiisha, fungua simu yako ufuatilie kama ulivyozoea. Utaniona natoka kanisani, sipiti kwangu, naelekea Nakwa moja kwa moja. Nakwenda peke yangu, bila shangazi wala dada wa kunisindikiza, kwa sababu sijui nimwambie nani aibu hii. Utaniona nimesimama mahali pamoja. Hapo ni mlangoni kwa Mama Alois. Nitapiga magoti nje, kwenye tope kama mvua itakuwa imenyesha, na nitawaeleza yote, na aliyeniponza nitamtaja kwa jina.

Ukiona nimekaa pale mpaka mchana, mshukuru Mungu. Ukiona nimegeuka mapema nikarudi Bagara, ujue wamenifukuza, na hapo zamu ni yako: panda basi la Jumatatu, uende kwa Padri, halafu uende ukapige magoti pale pale nilipopiga mimi. Usinipigie simu kuniuliza imekuwaje. Utakuwa umeona.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija. Mpe shikamoo yangu, na yale mafuta ya kuchua magoti nimeyafunga pamoja na barua hii. Msalimie sana wifi Scola, naye hana kosa. Vicent mwambie shangazi amemkumbuka. Nawe kaka, pamoja na yote, nakuombea afya njema.

Ni mimi mdogo wako,
Jovita