Bahasha ya Siku Arobaini na Moja

9 Januari

Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mafua yamenigeuza mwenyeji wake.

Humu ndani kuna bahasha iliyofungwa. Usiifungue! Kazi yangu unaijua: tunakokotoa kwa kompyuta uzito wa chembe yenye kwaki mbili nzito (kwaki ni vipande vinavyounda kiini cha atomu), kitu kidogo kuliko atomu, ambacho bado hakuna mashine iliyokinasa. Hesabu imekwenda miezi saba. Kompyuta imezidisha majibu yote kwa namba ya siri, tusije tukalivuta jibu upande tunaoutamani. Namba imo humo, nakala nyingine hakuna. Tukimaliza, nitakuomba uifungue.

Mdogo wako

27 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mgongo wangu umeanza kudai uzee kabla yangu.

Bahasha iko karakanani, chini ya jiwe la kilo ishirini. Jambo lenu nimelielewa kuliko unavyodhani. Muuza duka akishajua anachotaka, kidole chake huisaidia mizani bila yeye kujua. Nimetengeneza mizani miaka ishirini na sita, vidole hivyo nimeviona.

Hii ni barua yako ya tatu kwa miaka minne. Zote tatu una shida.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Tumemaliza! Fungua bahasha, nitumie namba upesi. Kuna kundi jingine linaikokotoa chembe hiyohiyo, na atakayetangaza wa pili hakumbukwi na mtu. Mkataba wangu unaisha Juni.

Mdogo wako

21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mko salama kweli? Simu unaikata. Wifi kila siku ananiambia, "Yuko karakanani." Wenzangu wananitazama kana kwamba namba nimeimeza mimi. Kama nimekukosea, nigombeze, lakini nitumie.

Mdogo wako

13 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Namba ni 1.0317.

Siku arobaini na moja. Sikuumwa, wala bahasha haikupotea. Wiki ile uliyoandika kuomba namba nilikuwa nafunga springi ya mizani ya mteja, nikasikia sauti yako redioni. Mtangazaji akauliza hesabu ulijifunza wapi. Ukajibu, "Nyumbani kwetu hakuna aliyejua hesabu." Mteja akacheka: "Fundi, huyo si dada yako? Basi nipimie upya!"

Mimi niliyeacha shule darasa la sita, nikajifundisha desimali peke yangu, kisha nikakufundisha wewe kwa mawe ya gramu, ukiwa na miaka saba. Nikasema, ngoja naye asubiri wiki moja. Wiki ikaisha, nikaona aibu kuandika. Kila siku iliyopita aibu ikazidi uzito.

Nisamehe. Nijibu, hata kwa matusi.

Kaka yako

30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mafua yalikwisha zamani.

Tuligawa majibu yetu kwa namba hiyo siku ileile ilipofika. Jibu letu na la wale wengine yanapishana sehemu mbili tu kwa elfu. Walikuwa wameshatangaza, siku tisa kabla yetu. Leo nimerudisha funguo za ofisi.

Ulichosikia nilikisema. Mtangazaji alitaka mtu aliyeota kama uyoga, bila kupandwa na mtu, nami nikampa. Nilijua ni uongo hata kabla sijafunga mdomo.

Ungenigombeza siku ileile, tungekuwa wa kwanza, na redio ingenipigia tena. Ningekutaja, Kaka. Sasa hawapigi.

Mdogo wako