Kipande Kinachosifiwa Ndicho Kilichomkimbiza Mke Wangu

Anti Prisca, pokea heshima zangu. Mimi si mtu wa kuomba ushauri ovyo, kuchomelea mageti nilijifunza kwa kuangalia, kupiga video nilijifunza kwa simu, lakini hili limenishinda, kwa hiyo nisome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Nimetengeneza filamu ya kutisha, dakika hamsini na mbili, hadithi tatu ndani ya filamu moja: ya kwanza jeneza linalopanda bodaboda, ya pili mzimu wa kwenye migomba, ya tatu mwalimu anayekunywa damu, zote tumezipiga nyumbani Kisondela kwa kamera moja ya kuazima na waigizaji saba ambao wanne ni ndugu zangu, nikaionyesha Jumamosi hapa Tukuyu kwenye banda la video, wakaingia watu sitini na wanne, na kwa kuwa napenda kujua jambo kwa hesabu nikampa kila mmoja karatasi aandike maoni bila jina, aitumbukize kwenye boksi mlangoni. Zilirudi hamsini na nane. Sita nadhani zilifungiwa karanga.

Anti, watu hawana huruma. Kuhusu jeneza mmoja kaandika, "Mbao nzuri, naomba namba ya fundi, nataka kabati." Mwingine, "Maiti anapumua, nimehesabu mara kumi na moja." Nilirudia kuangalia, ni mara tisa. Kuhusu damu: "Ile ni juisi ya rozela, mwanangu kaililia mpaka tumetoka." Hadithi ya tatu: "Nimelala vizuri, asanteni kwa viti." Na mmoja kaandika tu, "Wa kuogopwa kwenye filamu hii ni mwenye filamu," hiyo nikaiweka upande wa sifa.

Ila hadithi ya pili, karatasi hamsini na moja zinasema ndiyo iliyowatisha. Kina mama walijifunika khanga, na bibi mmoja wa Kisondela alisimama akasema, "Jamani zimeni, yule si baba mkwe wake?" Hapo ndipo penye shida yangu.

Siku ya kupiga, aliyetakiwa kuwa mzimu, Isakwisa, alikwenda msibani Mbeya, jua linazama, betri imebaki asilimia kumi na nne, na mtu pekee wa kimo cha ile sanda ni baba yangu, Mzee Yohane. Mwanamke wa kukata majani ya migomba alikuwa mke wangu, Sekela, ambaye pia ndiye aliyeandika kwa mkono majina ya waigizaji yanayotokea mwanzoni. Huenda wewe si wa huku: kwetu Wanyakyusa, kwa mila za zamani, mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, akimwona njiani anaingia pembeni, anageuka na kujifunika mpaka mzee apite. Wengi wameacha, ila Sekela hajaacha, na baba ndiyo kabisa. Kwa hiyo baba nilimwambia anayekuja ni Dainess, binti wa jirani, na Sekela nilimwambia aliye ndani ya sanda ni Isakwisa. Sasa sanda ikanasa kwenye mgomba, ikavuka kichwani, wakabaki wanatazamana, hatua tatu. Sekela akatupa panga, akajifunika, akakimbilia barabarani, baba akakimbilia mtoni na nusu ya sanda, na mimi sikuzima kamera. Sekunde arobaini na moja. Sijawahi kuona uigizaji kama ule.

Nilimwahidi Sekela nitakitoa kipande kile. Sikukitoa. Jumamosi ile alikaa mstari wa tatu, dakika ya ishirini na tatu akainuka, akatumbukiza karatasi yake mlangoni, akatoka, na tangu hapo yuko kwao Isongole, leo siku ya kumi na moja. Nikimpigia anasema, "Baba Joel, kitoe, halafu ndio unipigie." Baba naye anapita njia ya chini asione karakana yangu. Na banda linataka filamu tena Jumamosi hii, kila mtu anaulizia kipande cha mzee. Bila kile, nimebaki na jeneza zuri. Nimewaza kumfifisha baba uso, lakini anayekimbia bado ni Sekela. Nimweleweshe vipi mke wangu kwamba hamsini na moja ni wengi kuliko mmoja?

Ambwene, Tukuyu

Jibu la Anti Prisca

Ambwene, pole kwa rozela. Pole yangu imeishia hapo.

Mimi nimeolewa Masoko, huko huko kwenu kwa Wanyakyusa, mwaka wa ishirini na sita huu, na baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilimjua kwa kikohozi. Usinifundishe.

Umehesabu pumzi za maiti, uongo wako hukuuhesabu. Baba ulimdanganya, mke ulimdanganya, kisha ukamwahidi na kumkalisha mstari wa tatu aone ahadi yako ikivunjwa mbele ya watu. Najua ulifanya kazi kwa shida, na kamera ya kuazima haina huruma. Lakini unachokiita uigizaji ni watu wawili wa nyumbani kwako wakivuliwa heshima, na hao hamsini na moja hawakuisifu filamu, waliogopa kwa niaba yao. Bibi aliyesema zimeni alishakushauri kabla yangu.

Kitoe leo, kwenye nakala zote, na ile ya kwenye simu unayoirudia peke yako, ndiyo, hiyo. Kisha mchukue baba yako mdogo, nendeni kwa mzee, na usijitetee kwa betri. Isongole usipige simu. Nenda mwenyewe na shangazi yako, kaa utakapoonyeshwa, na namba hamsini na moja isitoke mdomoni mwako. Banda lisubiri.

Kabla hujaondoka, ile karatasi uliyoiweka upande wa sifa, hebu itazame mwandiko. Nadhani utaufahamu, ndio ulioandika majina ya waigizaji wako.

Akirudi, na akitaka mwenyewe, hadithi ya pili ipigeni upya. Sanda vaa wewe, ikikuzidi kimo kunja pindo. Sekela mwache akimbie apendavyo. Safari hii watazamaji watajua anamkimbia nani.