Yule Dobi na Kola ya Shati

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, na nguo zetu zimeanikwa sebuleni, zinanuka unyevu.

Leo nimeitazama tena ile filamu. Ni ya Hollywood ya zamani mno, haina rangi wala sauti. Maneno huandikwa kwenye kadi katikati ya picha. Mtandaoni hakuna aliyeiachia maoni, hata neno moja. Niliwatumia wenzangu wa shule, mmoja akaniuliza kama nimechoka na maisha.

Msichana dobi anampenda mpiga kinanda ambaye yeye humfulia mashati. Siku mwanamume anapohama mji, msichana anamfuata stesheni na furushi la mashati ili amwambie. Hamwambii. Anamnyoosha kola, anainyoosha tena, mpaka garimoshi linaondoka.

Filamu nzima imetiwa chumvi, macho yanatolewa, mikono haibanduki kifuani. Lakini hapo kwenye kola msichana haigizi kitu. Kamera inamngoja tu.

Bibi alikuja akakaa kando yangu. Alidhani simu imekufa sauti, akasema niipeleke kwa fundi. Nilipomweleza, akakumbuka zanana, yale maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, walivyokuwa wakienda na mabuibui yao na kugombana na waigizaji kana kwamba wanasikiwa. Akaniamuru nimsomee kadi kwa Kiswahili.

Mimi sisomi mbele ya watu. Leo nimesoma, na sauti yangu ikanishangaza.

Stesheni hakuna kadi. Nikaacha kusoma.

"Mbona haneni huyu?" Bibi akauliza. "Ana kinywa."

Garimoshi lilipoondoka akajipiga paja. "Haya. Kola ishanyooka. Afurahi sasa."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Zuhura anasafiri kesho asubuhi kwenda chuoni Nairobi. Ndiye rafiki yangu wa pekee, na ndiye mtu pekee nje ya nyumba hii ninayezungumza naye bila kujiandaa. Jana alikuja kuniaga. Nilisimama mlangoni nikamtengenezea mtandio wake, ambao ulikuwa umekaa sawasawa, nikamwambia asafiri salama. Alingoja kidogo. Kisha akateremka ngazi.

Sikumwambia kwamba sijui siku zangu zitakuwaje bila yeye.

Bibi amelala kidogo kabla ya magharibi. Nyumba iko kimya, na mvua bado.

Kesho nitatangulia kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, kabla basi lake halijafika. Nitakwenda mikono mitupu, na mtandio wake sitaugusa.