Kwa Moffat Gicheru, Aliyeipa Gatitu Timu ya Olimpiki

Mwaka umezunguka sasa, Baba, tangu tulipokulaza kwenye udongo wa shamba letu la Endarasha, mvua ya Aprili ikitunyeshea wote, wewe na sisi. Viazi vya shamba la chini vilivunwa bila wewe, na vingine vikapandwa. Hapa nyumbani Gatitu, Mama hajazoea kufunga mlango wa jikoni jioni. Ilikuwa kazi yako. Unabaki wazi mpaka baridi ya mlima iingie, ndipo mmoja wetu anapoinuka kuufunga.

Wengi mjini Nyeri walikujua kwa sababu ya mpira. Sisi tulikujua kwanza kwa mikono yako. Ulikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao, na vidole vyako vilijaa makovu madogo madogo. Ukirudi kazini ulinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ndipo ukamshika mtoto. Kelele za mashine zilikuharibia sikio la kushoto, lakini hukuwa mtu wa kupaza sauti. Ulisema polepole, na mtu akikuuliza umesema nini, ulirudia vile vile, kwa sauti ile ile, mpaka asogee karibu.

Julai, baridi inapokaza, uliamka kabla yetu ukaweka viatu vyetu kando ya moto ili tuvivae vikiwa na joto. Uliendelea hata mwanao Kihara alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alikuambia anaona haya. Ukasema viatu havina haya.

Kiwandani, kabla ya uhuru, kulikuwa na fundi mzungu, Bwana Hindle, mzee aliyetoka mji wa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza. Yeye ndiye aliyekufundisha kunoa, na saa ya chai alikuwa na hadithi moja tu. Baba yake alikuwa mfumaji katika viwanda vya nguo vya mji ule, na katika ujana wa baba huyo mjini palikuwa na timu iliyoitwa Olimpiki. Wachezaji wake walikuwa wafumaji, wasokotaji nyuzi, fundi wa mabomba, mtu wa kuyeyusha chuma. Miaka hiyo Kombe la Uingereza lilikuwa kama mali ya mabwana. Maofisa wa jeshi na watu waliosoma shule za matajiri walikuwa wakipokezana kombe hilo huko kusini, na hakuna aliyefikiri litaondoka. Mwaka wa 1883 Olimpiki ikafika fainali, London, ikakutana na Old Etonians, timu ya watu waliosoma Eton, ambao ndio walikuwa wakilishikilia kombe. Mabwana wakafunga kwanza. Watu wa viwandani wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza msokotaji nyuzi mmoja akafunga bao la pili, na kombe likapanda treni kwenda kaskazini kwa mara ya kwanza.

Ulitusimulia hivyo tangu tukiwa wadogo, na kila mara uliishia hapo hapo, kombe likiwa ndani ya treni.

Bwana Hindle alirudi kwao uhuru ulipokuja. Mwaka uliofuata ukaanzisha timu yako. Wenzako walitaka iitwe Simba, wengine wakasema Mlima. Wewe ulisema Olimpiki, ukarudia kwa sauti yako ile mpaka wakasogea karibu. Uwanja ulikuwa ule wazi nyuma ya soko, mahali ambapo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni watu walikalishwa chini na kuhesabiwa, na wewe mwenyewe ulikuwa umekalishwa pale. Ukang'oa visiki, ukaondoa mawe, ukapanda nyasi ulizochimbua kando ya mto. Mama anasema hakukuuliza kwa nini ulichagua pale. Alikuona tu ukifanya kazi ile kwa bidii ambayo hukuwahi kuionyesha hata shambani kwako.

Wachezaji uliwakusanya popote ulipowapata. Mutahi alikuwa akibeba magogo kiwandani, ana mabega mapana na hajui kucheka, lakini akipata mpira mbele ya goli hakukosea. Othmani, mlinda goli, alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Majengo. Kwao ni Waislamu, na babu yake alikuja Nyeri na misafara ya zamani. Othmani alikuja kukupima suti ya harusi ya ndugu yako, ukaitazama mikono yake ikivuta futi kutoka bega moja hadi jingine, ukamwuliza kama amewahi kudaka kitu. Basi akawa mtu wa nyumbani kwetu. Mama alikuwa na sufuria yake ya pekee ambayo haikuguswa na nyama yoyote ya kwetu, ili Othmani ale bila wasiwasi.

Mwaka wa 1971 Olimpiki ya Gatitu ikafika fainali ya kombe la mkoa. Sisi wote tulikuwepo, uwanja wa mjini, mvua ikinyesha. Wapinzani walitoka Thika kwa basi lao wenyewe, jezi mpya, na daktari wao ana mkoba. Wetu walitembea kutoka Gatitu wakiwa wameshika viatu mkononi visilowe kabla ya saa. Thika wakafunga mapema, na mpaka mapumziko Othmani alikuwa amejaa tope mpaka kwenye kope.

Wakati wa mapumziko, Kihara alikuwa karibu na alisikia. Hukuwagombeza, wala hukuwapanga upya. Uliwasimulia habari ya Blackburn kana kwamba hawajawahi kuisikia. Ulipofika mahali mabwana walipofunga bao la kwanza, ukanyamaza. Mutahi akangoja, halafu akauliza, "Na sasa?"

"Sasa turudi uwanjani," ukamwambia.

Mutahi alisawazisha. Bao la pili hatujui hadi leo lilifungwa na nani. Mpira ulikwama kwenye tope karibu na mstari, watu wakarundikana juu yake, na walipoinuka ulikuwa ndani. Thika hawakubisha sana, walikuwa wamechoka. Jioni ile kombe lilitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Gatitu, na wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, mara tano, kama za mtoto wa kiume anapozaliwa. Mama akaliweka juu ya kabati na kulifunika kwa kitambaa alichokifuma. Ulikaa ukilitazama bila kulishika. Labda hiyo ndiyo siku ya mwisho tuliyokuona ukiwa na furaha kamili, Baba. Hatukujua, kwa hiyo hatukuitazama vizuri.

Ngatia alikuja mwaka uliofuata. Mjini wote wanamjua, mwenye malori na maduka. Alikaa sebuleni kwetu akanywa chai kwa heshima, akasema amependa timu. Angeinunulia jezi, angewapa wachezaji kazi kwenye malori yake, timu ibebe jina la duka lake. Hayo ulikuwa tayari kuyafikiria. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba timu nzuri ni ya watu wa nyumbani, na wale wa Majengo watafutiwe mahali pengine.

Ulimwomba arudie. Tulidhani ni sikio lako. Akarudia.

"Timu hii ilifika hapa kwa mikono ya Othmani," ukamwambia. "Nikiikata, kombe nitalishika na nini?"

Ngatia hakukasirika. Alimaliza chai, akamshukuru Mama, akaenda kuanzisha timu yake mwenyewe hapo hapo mjini. Hakuhitaji kukupiga vita. Alihitaji kungoja tu, maana kiwandani walikuwa wameanza kupunguza watu, na kila aliyepunguzwa alikuta kwa Ngatia pana nafasi.

Wa kwanza kuja kuaga alikuwa Mutahi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mzee, bibi yangu yuko na mimba," akasema. "Mimi nimepunguzwa. Ngatia ananipa lori niendeshe."

"Nenda," ukamwambia. "Mtoto hali sifa."

Ulimsindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa heshima. Uliporudi uliketi, ukamwambia Mama kwamba bila Mutahi hakuna timu. Mutahi hakuambiwa maneno hayo.

Baada yake wakaenda wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu ambayo huwezi kuipinga. Olimpiki ikatolewa raundi ya kwanza na timu ambayo zamani isingefika katikati ya uwanja. Msimu mwingine ukaja, na siku ya mechi ya kombe wachezaji hawakutimia. Mwamuzi alingoja, akatazama saa, akawapa wageni ushindi. Wageni wakaondoka. Wachache waliobaki wakaketi kwenye nyasi na wewe, na hapo ndipo ulipowasimulia mwisho wa hadithi, ambao Bwana Hindle alikuambia siku alipokuwa akifunga masanduku yake.

Olimpiki ya Blackburn haikulichukua tena lile kombe. Katika mji ule ule palikuwa na timu nyingine, Rovers, yenye watu wenye uwezo nyuma yake, ambayo bado inatajwa redioni mpaka leo. Rovers ililichukua kombe mwaka uliofuata, na uliofuata, na mwingine tena. Wachezaji wazuri walihamia huko, na ligi ilipoanzishwa nafasi ya mji ikapewa Rovers. Olimpiki ikafa mwaka wa 1889. Mtoto aliyezaliwa siku ya ile fainali alikuwa hajang'oa meno yote ya utotoni.

Othmani ndiye aliyetusimulia jinsi ulivyosema, maana sisi hatukuwepo. Alikuuliza kwa nini ulificha jambo hilo miaka yote.

"Ningewaambia, mngekimbia vile mlivyokimbia?" ukamwuliza.

Othmani anasema alifikiri kwanza, hakutaka kukupa jibu la kukufariji. "Tungekimbia tu, Mzee," akasema.

Uliinamisha kichwa, na hakuna aliyethubutu kukugusa.

Baadaye ukaendelea kukata nyasi za uwanja ule kila Jumamosi, ingawa hapakuwa na mtu wa kuzichezea. Siku moja ukakuta vigingi vimepigwa kuanzia goli hadi goli. Uwanja ulikuwa umegawanywa kuwa ploti za nyumba. Ulizunguka ofisi moja baada ya nyingine, umevaa koti la kanisani, ukieleza kwamba pale pana kiwanja cha mpira. Kila mahali ulisikilizwa vizuri na kuambiwa kwamba hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Nyumba ya kwanza ilipoanza kujengwa, ukaacha kupita nyuma ya soko. Ulirudi nyumbani kwa njia ndefu ya juu, hata siku za mvua, na ulifika umelowa. Mama alikusihi. Ulimwambia njia ile ina hewa nzuri.

Kikohozi ulikuwa nacho tangu zamani, vumbi la mbao. Madaktari walisema mapafu yamechoka. Ulilazwa hospitali mjini wiki ya Pasaka, na kila aliyekuja kukuona ulimwuliza kama mvua imefika Endarasha. Asubuhi uliyotuacha, ilikuwa imefika.

Hukuyaona mazishi yako, kwa hiyo tukuambie. Kaburi lilichimbwa na Othmani na vijana wa Majengo. Walifika alfajiri kabla ya watu wa kanisa, na walipoambiwa wapumzike walikataa kumpa mtu mwingine jembe. Wachezaji wako wa zamani walikuja wote kwa lori, Mutahi akiendesha. Ngatia alileta shada la maua. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka pamoja na mengine. Mchungaji alipouliza nani watabeba jeneza, walisimama wale wa 1971, waliohama na waliobaki, na hawakutazamana. Njia ya kutoka barabarani ilikuwa tope tupu. Hawakukuyumbisha.

Mwaka huu, juma lililopita, Mutahi alikuja nyumbani. Amezeeka, Baba, nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Mtoto wake yule sasa anasoma. Alimletea Mama sukari na majani ya chai, akaketi mahali ambapo siku ile hakutaka kuketi, akaiacha chai ikapoa mbele yake.

"Mama," akasema, "kama mimi ningekataa, wengine wangebaki. Mzee angekuwa hai."

Tulijua Mama analolijua, yale uliyomwambia ukitoka barabarani. Tulidhani huenda sasa atayasema, na angekuwa na haki.

"Alikuambia uende," Mama akasema. "Usimfanye mwongo."

Akainuka, akaichukua ile chai iliyopoa, akamwekea nyingine ya moto. Mutahi akainywa yote, akilia bila kujificha, na Mama akaketi naye mpaka alipomaliza.

Tunakukumbuka sisi, mkeo Watiri; wanao Wachuka na Kihara; mkaza mwanao Wamucii; na mjukuu wako Kabura, ambaye hukumwona. Yuko pamoja nasi Othmani na nyumba yake yote ya Majengo, ambao tunawahesabu ndani ya familia, kama ulivyofanya wewe.

Pumzika, Baba. Siku zetu zote tutakukumbuka.