Adabu ya Farasi Shaba

Shamba la mkonge, karibu na Korogwe,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa dada yangu mpendwa, Mwanaidi,

Shikamoo, dada. Kabla ya jambo lolote naomba radhi. Nimenyamaza tangu mavuno ya mahindi ya mwaka jana, na najua umekwisha kuwauliza wapita njia wote watokao Segera kama ndugu yako yu hai. Yu hai. Kwanza kazi zilinibana, kisha sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Nimengoja hasira iishe, nayo haikuisha, basi naandika nayo hivyo hivyo. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimefika huko Kang'ata, au bado mnatazama mawingu? Anayekusomea barua hii, nadhani ni mwanao Athumani, asome taratibu, wala asiruke maneno asiyoyapenda. Nitakapokuja nitamuuliza.

Mimi mwili wangu ni mzima. Shule ya watoto wa vibarua ninaifundisha kama kawaida, ingawa bati linavuja juu ya ubao na harufu ya maji ya mkonge yaliyooza inaingia darasani mchana kutwa. Harufu hiyo nimeizoea. Yaliyonishinda ni mengine, nayo yanahusu farasi.

Usicheke. Unakumbuka kwamba zamani za Wajerumani, nikiwa kijana, nilitunza nyumbu wa bwana mmoja nikajifunza kupanda. Mke wa Bwana Meneja wetu hapa alikuwa amemnunulia mtoto wake farasi mdogo, wa aina ile wanayoiita poni, mwekundu kama sufuria ya shaba. Ndiyo maana tunamwita Shaba. Mtoto alipopelekwa shule Ulaya, farasi alibaki bandani, akala, akanenepa, akawa anauma watu. Yule bibi akaniuliza kama naweza kumpanda asubuhi kabla ya shule ili anyooshe miguu. Nikakubali. Sikulipwa wala sikuomba malipo. Nilimpanda kwa ridhaa yangu, kwa kuwa napenda mnyama anayefundishika, na wanadamu wanaofundishika wanazidi kupungua.

Nilimfundisha kwa upole. Kwanza alijifunza kupokea lijamu mdomoni bila kuuma, kisha kwenda taratibu, kisha telki, yaani mwendo wa kudundadunda, kisha mbio. Njia yetu ya asubuhi hupita kati ya mashamba, saa ile watu wanapokwenda kukata mkonge. Nawe unajua tulivyolelewa: mtu akikuamkia, hukai juu ya mnyama ukampita kama upepo. Kwa hiyo kila nilipoambiwa shikamoo nilivuta hatamu, farasi akasimama, nikaitikia marahaba, nikauliza hali ya nyumbani kwa huyo mtu, ndipo nikaendelea. Nilipokutana na mzee aliyenizidi umri nilishuka kabisa na kumwamkia mimi, naye akaitikia. Basi Shaba, kwa kusikia hayo kila siku, akajifunza mwenyewe. Akisikia shikamoo husimama kabla sijagusa hatamu. Akisikia marahaba huondoka. Watu walifurahi. Mzee Mpina, mlinzi wa banda, Mnyamwezi mwenye umri mkubwa kuliko wangu, alikuwa akisema, "Mwalimu, huyu farasi ana adabu kuliko wanangu wote." Na mimi, sikufichi, nilijivuna.

Sasa sikiliza uchafu wenyewe.

Kila mwaka mabwana wa mashamba ya mkonge hukutana kwenye kiwanja karibu na mto kushindanisha farasi. Mwaka huu Bwana Meneja alinitazama nikimpitisha Shaba, akaona alivyo mwepesi, akasema nitampanda katika mbio za wasiokuwa Wazungu. Wengine wote katika mbio hizo walikuwa masaisi, yaani watumishi wa kazi hiyo ya kutunza farasi. Mimi pekee sikuwa mtu wa mshahara wa banda. Nilikubali, kwa kuwa nilimwamini Shaba, tena nilidhani mashindano ya waungwana huendeshwa kiungwana.

Dada, sijapata kuona mahali penye kinyaa kama pale. Mabwana walianza kunywa kabla jua halijakaa sawa, na ilipofika adhuhuri mmoja wao alikuwa anatapika nyuma ya hema, na mbwa wanakuja kula. Karani mmoja niliyemfundisha kusoma alikuwa amevua kofia anakusanya fedha za kamari, hata aibu ya kuniona hakuwa nayo. Nilipokwenda kumnywesha Shaba maji, nilimkuta Ramadhani, saisi wa shamba la jirani, ameinua mkia wa farasi wake anampaka pilipili iliyosagwa mahali ambapo sitapaandika. Yule mnyama alikuwa anatetemeka na kurukaruka.

"Unafanya nini, wewe?" nikamwuliza.

"Namchangamsha, Mwalimu. Bwana anataka farasi mchangamfu."

"Ungepakwa wewe ungekuwaje?"

"Ningeshinda!" akasema, na masaisi wenzake wakaangua kicheko. Kisha akaongeza, "Wako hahitaji pilipili. Wako anahitaji salamu tu, sivyo?"

Nikamvuta Shaba, tukaenda zetu majini. Nilipaswa kuelewa pale pale.

Mbio zilipoanza Shaba alitoka vizuri. Viunzi vya miti vilivyowekwa njiani aliviruka bila kugusa hata kimoja, nasi tulipofika kona ya mwisho hapakuwa na farasi mbele yetu. Nilisikia kwato za wengine mbali nyuma. Upande ule wa kiwanja ndiko walikosimama vibarua na vijana wa mjini, wameegemea uzio. Ramadhani hakuwa amepanda siku ile, alikuwa amempa ndugu yake farasi, na yeye mwenyewe amesimama katikati ya vijana hao. Akainua mkono, nao wakapaza sauti kwa pamoja:

"Shikamoo, Mwalimu!"

Shaba akakita miguu yote minne. Mimi nikarushwa mbele nikamkumbatia shingo, kofia ikaanguka. Na hapo, dada, nikiwa nimening'inia kama nguo juu ya kamba, mdomo wangu ukaitikia wenyewe: "Marahaba." Shaba akasikia, akaondoka. Kabla hajapiga hatua nne, wengine wakasema, "Shikamoo, Mwalimu!" Akasimama. Nikaitikia, maana asingeondoka. Ikawa hivyo uzio mzima, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, huku farasi wa watu wakitupita na mavumbi yao yakiniingia kinywani.

"Na nyumbani hawajambo, Mwalimu?" mmoja akapiga kelele. "Mbona huulizi leo?"

Wanawake walikuwa wanashika mbavu kwa kucheka. Mabwana hawakuelewa kilichotokea mpaka walipoelezwa, nao wakacheka zaidi. Tulifika mwisho tukiwa wa mwisho. Kushindwa hakunisumbui, nimeshindwa na mambo makubwa kuliko mbio. Kinachonichefua mpaka leo ni kwamba neno ambalo mama alitufundisha kulitamka kwa kuinamisha kichwa, wale watu walilitumia kama jiwe la kumpiga mtu mzima. Wamo humo niliowafundisha hilo neno lenyewe.

Bwana Meneja alikuwa amekunja uso kama kiatu kilichokauka. Kiswahili chake naandika kama alivyokisema, uniwie radhi: "Wewe nafundisha hii farasi salamu? Mimi nataka kimbia! Hapana taka salamu!"

Kesho yake alfajiri alikuja bandani na kiboko. Akaamuru farasi atolewe nje na mimi nimpande. Alisema dawa yake ni moja: kila farasi asikiapo shikamoo apigwe, mpaka neno hilo limtie hofu na akimbie. Akamwambia Mzee Mpina aseme shikamoo.

"Nimwamkie nani?" akauliza Mzee Mpina.

"Mwalimu."

"Bwana, Mwalimu ni mdogo kwangu. Nikimwamkia nitakuwa nimejitukana mimi na yeye."

"Sema!"

"Sisemi, bwana. Nipe kazi nyingine. Hata kuzoa mavi nitazoa."

Basi Bwana Meneja akakaza mkono kwenye kiboko, akanitazama usoni, akasema yeye mwenyewe, "Shikamoo." Katika miaka yangu yote ya kufanya kazi kwa Wazungu ndiyo mara ya kwanza mmoja wao kuniamkia. Akampiga Shaba pajani.

Sikuitikia. Salamu ile haikuwa na mwenyewe. Lakini Shaba hakukimbia, dada. Alisimama. Akapigwa tena, akasimama, ngozi yake yote inatetemeka chini ya magoti yangu, masikio ameyageuza nyuma kwangu, anasubiri. Nikatambua anachosubiri. Alikuwa anasubiri mimi niitikie, apate ruhusa ya kuondoka. Kiboko kikashuka tena, damu ikatoka. Nikasema marahaba. Akaondoka papo hapo, telki safi kabisa, kama tulivyofundishana.

Ladha ya neno lile haijanitoka mdomoni.

Sasa hivi ndivyo jambo lilivyo. Kuna mashindano mengine Tanga baada ya mvua. Bwana Meneja ameona kwamba farasi huyu hamsikii mtu ila mimi, kwa hiyo kiboko amenikabidhi mimi. Anataka nimfundishe upya, nimpige kila asikiapo salamu mpaka asahau, kisha nimpande huko Tanga. Nikikataa, Shaba atatolewa kwa wapima barabara, awabebee vyombo na mahema kutoka Segera kuingia Handeni, njia ile ile ya kwenu. Huku shambani mbung'o hawapo kwa sababu mapori yote yamefyekwa kwa ajili ya mkonge. Huko kwenu wewe unajua. Uliwaona ng'ombe wa marehemu shemeji walivyokonda na kutoa machozi mpaka wakaanguka mmoja mmoja, na farasi hana nguvu ya ng'ombe. Nilimweleza Bwana Meneja habari ya mbung'o. Akasema anajua.

Mke wake nilimwendea pia. Alilia kidogo, akasema mambo ya farasi sasa ni ya mume wake, akanipa chai katika kikombe cha watumishi.

Bwana Meneja amekwenda Tanga kwa shughuli za meli, na akirudi anataka jibu langu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana wewe unaishi huko, huyajui kwa kusikia tu: je, mbung'o bado wapo katika pori lile kati ya Segera na kwenu? Wale wanaopitisha mifugo bado wanawasha moshi, au wameacha? Kama kuna njia ya juu isiyo na mbung'o, nijulishe upesi kwa mtu yeyote ajaye. Kama hakuna, nijulishe vilevile, usinifiche kwa kunionea huruma.

Tangu siku ile simpandi. Namtoa kwa mkono kupitia njia ya nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu ya mashine, mahali pasipopita watu, ili asikutane na mtu wa kuniamkia. Jana niliona mwanamke anakuja kwa mbali na mzigo wa kuni kichwani, nikamwingiza farasi katikati ya mkonge tukajificha mpaka alipopita. Miiba imenichana mikono yote miwili. Mimi, dada, umri huu, najificha nisiamkiwe.

Nisalimie mke wa kaka yetu mkubwa, na shangazi anayekaa karibu na msikiti, na binamu yetu mhunzi, mwambie jembe lake bado ninalo. Watoto wote wa nyumbani wape salamu zangu, na Athumani mwambie nimemsamehe kama hakuruka neno.

Nikishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa vyovyote nitakavyoamua.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu Salehe.