Umri wa kaka yake Irakoze

Sele, usinipigie, ofisini tumejaa. Soma tu.

Nimejiaibisha mbele ya Darasa la Saba.

Unajua kale kamtindo kangu ka aljebra, kutunga maswali kwa majina ya watoto wenyewe ili wasiogope herufi. Hapa Kasulo nina wiki mbili tu, sijawajua. Nikamuuliza Irakoze kama ana kaka. Akajibu, "Ninaye, amenizidi miaka miwili."

Basi nikaandika ubaoni: Umri wa Irakoze ni x. Kaka yake amemzidi miaka miwili. Baada ya miaka mitano, kaka atakuwa na umri gani?

Nikamwita mwenyewe. Akaandika x + 2.

Yaani kaka hakuongezewa hata mwaka mmoja! Nikamwekea kosa kwa chaki nyekundu, nikacheka. Nikasema, "Wewe utakua, kaka yako kagoma kukua?"

Kagoma kukua. Sele, nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Hakuna aliyecheka. Wote waliinamisha vichwa. Kezia wa dawati la mbele ndiye aliyeninong'oneza kwamba kaka yake Irakoze alizama mtoni mwezi wa kwanza.

Nikamwambia Irakoze, "Nisamehe, mwanangu. Futa, nitaandika swali lingine."

Hakufuta. Alinitazama kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

"Lakini ni sahihi, mwalimu. Yeye amebaki na kumi na tano. Mimi nikifika kumi na sita, atakuwa mdogo wangu."